Tairi za Kuwahi Zamu ya Maji

Tangu nistaafu ninaendesha baiskeli ya mbio, na kati ya Same na Mwanga wazee wanaoniweza ni wachache. Kwa lami ile nilifunga tairi nyembamba, namba ishirini na tatu, yaani milimita za upana, nikazijaza upepo mpaka zikawa ngumu kama jiwe. Kwenye lami sikukosea.

Nilikosea nilipozipeleka kwa dada yangu mkubwa. Shamba lake la mahindi liko chini ya milima, njia ya Ndungu, ambako lami huisha ghafla ukaanza kusaga changarawe. Maji yake yanatoka kwenye ndiva, bwawa lililochimbwa na wazee wetu ili maji yajikusanye usiku, asubuhi yafunguliwe kwa zamu. Zamu yako ikifika, wewe au mtu wako awe amesimama na jembe penye mdomo wa mfereji. Asipokuwepo, maji yanakwenda kwa anayefuata. Dada ana nyonga mbovu, hawezi kupanda hadi pale. Mtu wake ni mimi.

Mwaka jana tairi ya nyuma ilipasuka ubavuni kwenye changarawe. Nikaziba, ikapasuka tena. Nikasukuma baiskeli. Nilipofika, maji yalikuwa kwa jirani, na mahindi ya dada, yaliyokuwa yanatoa ndevu, yakakauka. Ningeweza kumwambia ukweli. Badala yake nikamwambia dada kwamba mgawa maji, yule mzee anayesimamia zamu, alifungua mapema. Dada akamsema yule mzee mbele za watu, nami nimesimama hapo hapo, kimya.

Kwa hiyo msimu huu, zamu ilipokaribia, nilikwenda kwa fundi wa baiskeli mjini nikiwa najua ninachotaka.

"Shikamoo mzee. Nikupe zile zile nyembamba?"

"Marahaba. Zile ziuzie adui yako."

Akacheka, akaleta tairi pana zenye meno. "Hizi hata ng'ombe wa Ndungu watakupisha."

"Watanipisha kwa kelele. Safari yangu kubwa ni lami, changarawe ni kipande tu."

Nilizipima mwenyewe. Namba thelathini na mbili tuliifunga nyuma ikagusa fremu. Jiwe dogo lingenasa pale na kusimamisha gurudumu. Namba ishirini na nane ilizunguka, na nafasi ikabaki ya kupitisha kidole. Kulikuwa na aina mbili za namba hiyo. Moja ilikuwa nyepesi, inavutia mkononi, lakini nilipoibana ubavu kwa kidole gumba ikakunjika kama karatasi. Nyingine ilikuwa nzito, katikati laini, pembeni ina mikato midogo, na chini ya mpira ina utepe mgumu wa kuzuia miiba. Nikachukua mbili za aina hiyo.

"Hiyo itakupunguzia mwendo, mzee."

"Mwendo ninao wa kutosha. Kinachonipungukia ni kufika."

Upepo nao nilipunguza. Tairi iliyojaa kupita kiasi hurukaruka juu ya mawe. Iliyolegea sana hubana tyubu kwenye rimu. Niliacha ibonyee kidogo tu nikiikalia.

Siku ya zamu niliondoka alfajiri. Changarawe ilipoanza sikushuka hata mara moja. Nilihisi mawe yakipita chini yangu, makali yale yale, na tairi zikiyapokea. Nilifika mdomo wa mfereji kabla ya mgawa maji.

"Leo umelala hapa?" akaniuliza.

"Shikamoo. Nimekuja mapema kwa sababu mwaka jana hukufungua mapema. Nilichelewa mimi. Tairi zilipasuka, nikakusingizia."

"Marahaba. Najua. Nilikuona ukisukuma."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie dada yako kwamba mdogo wake ni mwongo? Hiyo kazi si ya mgawa maji. Shika jembe, maji hayamsubiri mtu."

Nikafungua. Maji yakashuka, nikayafuata mstari kwa mstari mpaka shamba lote likanywa. Kisha nikaenda kwa dada, miguu imejaa matope, nikamweleza yote nimesimama mlangoni. Sikusingizia barabara wala miiba.

Aliendelea kuchambua maharage.

"Nilimwita mwizi wa maji," akasema. "Mzee mzima. Watu wakacheka."

"Nilisikia."

"Na ulikuwa hapo hapo."

"Nilikuwepo, dada."

Akaweka ungo chini, akaanza kutafuta kitenge chake kizuri. "Basi leo utanipeleka kwake. Nitaomba radhi yangu, nawe utaomba yako mbele ya wale wale watu, kwa sauti. Kamata yule jogoo mwekundu tumpelekee."

Nikageuka kutazama baiskeli ukutani.

"Usiitazame hiyo. Mimi sipandi mfupa wa samaki. Nenda kaite bodaboda."

Nilimkamata jogoo kwanza.