Neno Kabla ya Bugali

Enzi zetu ng'ambo ya mto, kule Bukavu, hakuna mtoto aliyegusa bugali kabla ya kuleta neno. Papa alihofia tungesahau Kinyarwanda ugenini. Basi kila Jumapili mchana Maman aliweka kiganja juu ya mfuniko wa sufuria, naye Papa akaamuru, "Leta neno, mutoto!" Ulitaja neno la kwetu, ukaeleza maana yake na lilikotoka, ndipo ukapakuliwa. Harufu ya sambaza wa kukaanga, wale visamaki wa ziwani, ilitutesa, lakini nani angethubutu kulalamika?

Hata mgeni hakusamehewa. Jirani yetu Mademoiselle Gwen, mwalimu kutoka Wales, alileta maneno ya Kiwelisi. Na usimwite Mwingereza, angenuna mpaka chai ipoe! Kwao dirisha ni ffenestr, kanisa ni eglwys, na ile w husomwa kama u. Sisi wa shule ya Kifaransa tukaruka: fenêtre! église! Akacheka, akatueleza kwamba Warumi walikaa kwao zamani, wakaacha Kilatini chao humo. Lakini llyn, yaani ziwa, lilikuwa lao wenyewe tangu kabla ya Warumi. Hilo alilisema polepole, akitazama Ziwa Kivu.

"Muweke ulimi kama munataka kusema l," alitufundisha kutamka ile ll ya llyn, "kisha mupulize hewa kando ya meno." Tukapuliza wote kama mabata wenye hasira, na kaka yangu akarusha mate kwenye sahani nzima ya sambaza. Papa alicheka hadi akasahau kumkemea. Sambaza tukawala hivyo hivyo.

Leo naishi Gihundwe, ng'ambo hii ya mto, nchini kwetu, pamoja na Maman na watoto wangu; Papa hayupo tena. Narudi jioni kutoka kiwandani Muganza miguu imekwisha, vumbi la saruji kooni. Kwa muda mrefu Maman aliendelea kuwangoja wajukuu kwa kiganja kilekile juu ya mfuniko. Wajukuu wenyewe vidole vyao vina maneno mengi kuliko midomo yao. "Koko, iyo neno itatusaidia nini? Tuko na njaa," walimwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Nami, kwa uchovu tu, nikawa nasema, "Maman, ubapakulie tu bakule."

Naona desturi ya Papa ikifia mikononi mwangu, na inaniuma. Zamani tulikula tumechelewa, chakula kimepoa, lakini tulikula pamoja. Siku hizi kila mtu anajipakulia kikiwa cha moto. Maman hula mapema, peke yake jikoni, asije akamchelewesha mtu.