Letisia Hhando Apimwa Mikono Mara Mbili

Tarehe 12 Juni 1975, Letisia Hhando wa Masakta alipimwa kutetemeka kwa mikono mara mbili katika zahanati ya kijiji, na majibu hayakufanana.

Ukungu wa Mlima Hanang ulikuwa umeshuka hadi kwenye mahindi. Tangu yeye na majirani zake wahamishiwe kwenye kijiji cha ujamaa mwaka uliopita, asubuhi zote Letisia aliziona kama usingizi ambao haujamwachia: nyumba zimepangwa mstari, sauti za majirani zinasikika, watu wenyewe hawaonekani. Mikono yake nayo ilitetemeka taratibu, kama jani la mtama linaloguswa na upepo usiofika kwingine. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa ameshaanza kucheka, naye bado hajampakata hata siku moja. Aliogopa atamwangusha.

Dawa ilikuwepo wilayani. Lakini daktari wa huko alitaka kwanza kujua kama kipimo chake kinaaminika: mgonjwa apeleke kikombe cha maji kwa mpimaji, na wapimaji wawili, kila mmoja kwa wakati wake, watoe alama kuanzia sifuri, mkono uliotulia, hadi nne, unaotetemeka sana. Wakipishana, dawa ingoje.

Nesi Getruda, binti wa Bukoba, alitoa tatu. Mzee Basili, mganga msaidizi, akatoa moja.

"Mzee, miwani umeiacha nyumbani?"

"Pengine unayetetemeka ni wewe, binti. Kwangu halikumwagika hata tone."

Letisia aliwasikia kwa mbali, kana kwamba wanamjadili mtu aliyelala chumba cha pili. Wakamwomba arudie, safari hii wote wawili wakitazama. Alimpa Getruda kikombe kwa mkono wa kulia. Maji yakaruka mpaka sakafuni. Kikajazwa tena. Alipomgeukia Basili alikunja goti, mkono wa kushoto ukaenda wenyewe kushika kiwiko cha kulia, na kikombe kikafika kimejaa.

"Kumbe!" Getruda akapiga makofi. "Mzee, wewe umepima shikamoo!"

Basili akacheka hadi akakohoa. "Mama, hebu nipe kwa mkono mmoja."

"Mtu mzima kama wewe? Marehemu mama atanijia ndotoni."

"Basi kipe kile kigoda."

Letisia akakitazama kigoda. Hakikuwa baba wa mtu. Akanyoosha mkono mmoja, akauacha ufanye ulivyozoea, na maji yakamwagika kama mvua fupi.

Wapimaji wakapeana mgongo, wakaandika. Tatu. Tatu.

Jumatatu Letisia atapanda lori la kijiji kwenda wilayani kuanza dawa.