Siku Tuliyosimamia Kura Ghorofani

Watanzania wa Guangzhou, China, walipotaka kuchagua mwenyekiti wa chama chao, hawakuaminiana hata kidogo. Wanunuzi wa nguo walisema wenzao wa simu wataiba kura, na wa simu wakasema vivyo hivyo. Mwishowe mzee mmoja akapendekeza kazi ipewe wanafunzi, maana wao hawana mgombea. Wanafunzi wa sekondari tulikuwa wawili tu: mimi, na kijana wa darasa langu aliyeishi na mama yake.

Baba alifurahi kuliko mimi. Alinilea peke yake tangu mama afariki, akanileta huku nisome nikiwa karibu naye. Lakini msimu ule alikuwa hatoki nje. Polisi walikuwa wakikagua watu mitaani, na yeye viza yake ilikuwa imeisha, ombi la kuiongeza limekataliwa. Mizigo yake ya soko la nguo la Liuhua ilifuatiliwa na rafiki. Yeye alishinda ndani, pazia limefungwa, akinipikia. Nilimsihi asije kupiga kura. Akasema hajawahi kumwona mwanawe akisimamia jambo la watu wazima, na kwamba angepitia vichochoroni.

Uchaguzi ulifanyika Jumapili baada ya ibada, ghorofani kwenye mgahawa wa mama mmoja Mkongo. Sanduku la kura lilikuwa boksi la viatu lililotobolewa juu. Mwenzangu aligawa karatasi, mimi nikipaka watu wino kidoleni. Watu wazima ambao siku zote walinituma maji walipanga foleni mbele yangu, wakinyoosha vidole kwa adabu. Zamu ya baba ilipofika aliinamisha kichwa kwa utani.

"Shikamoo, msimamizi."

Nikacheka, nikampaka wino. Akatumbukiza karatasi yake, kisha badala ya kuondoka akaketi karibu na jikoni kunitazama.

Polisi walipanda ngazi foleni ikiwa bado ndefu. Tulisikia kwanza redio zao, halafu lile neno ambalo sote tulilijua, huzhao, yaani pasipoti. Wasio na viza walikimbilia jikoni, kwenye mlango wa nyuma, na mama Mkongo akawafungulia. Baba alikuwa karibu na mlango ule kuliko wote. Aliinuka, akawa tayari keshashika kitasa, halafu akageuka akaniona nimekumbatia sanduku. Akarudi akasimama kando yangu.

"Baba, nenda," nilimwambia.

"Nikuache na nani?"

Pasipoti yangu waliitazama wakanirudishia. Yake hawakuirudisha. Walipomshika mkono aliniambia nisiliache sanduku, watu watagombana. Hakupandisha sauti. Nilikitazama kisogo chake kikishuka ngazi katikati ya kofia zao.

Kura tulizihesabu. Mpaka leo sijui niliwezaje. Mwenzangu alisoma majina, mimi nikaandika huku machozi yakidondokea karatasi, na wazee waliobaki wakaangalia sakafu. Tulipomaliza, mama Mkongo alinifuta uso kwa kitenge chake. "Ma fille, binti yangu," akasema, "utalala kwangu."

Nililala kwake mpaka nikamaliza shule. Baba aliwekwa ndani kwa wiki kadhaa, kisha akarudishwa Mwanza na nguo alizokuwa amevaa. Aliponipigia simu mara ya kwanza aliuliza nimekula nini, ndipo akauliza nani alishinda. Nilimtajia. Akasema siye aliyemchagua yeye, lakini uchaguzi ndivyo ulivyo.

Alifungua kibanda cha mitumba, hakikusimama. Sauti yake kwenye simu ilizidi kuwa ndogo, nami nikadhani ni mtandao. Alifariki kwa presha nikiwa katikati ya mitihani ya mwisho, na shangazi akaomba nisiambiwe mpaka nimalize. Mama Mkongo ndiye aliyenikalisha kitandani kwake akaniambia, na nilishaelewa kabla hajafika mwisho.

Nilipofika Mwanza, kaburi lilikuwa limeshaota majani.