Kijiti cha Konsesa

Wiki iliyopita mjukuu wangu Devota alirudi nyumbani mikono yake ikiwa myeusi hadi kwenye viwiko, akanipa shikamoo, na kabla sijaitikia harufu ikawa imenifikia. Matembele yaliyopondwa pamoja na unga wa betri zilizokufa. Aliyewahi kuinusa hawezi kuisahau. Ni mbichi kama shamba lililonyeshewa, halafu ndani yake kuna uchungu unaokaa kooni kana kwamba umelamba jembe. Tangu amalize kidato cha sita Devota anajitolea katika shule moja ya msingi hapa Nyabusozi. Ubao wao ulikuwa umepauka, wakaupaka kwa njia ile ile ya zamani.

Aliponawa, akaniwekea karatasi mezani.

"Bibi, hii ni fomu ya chuo cha ualimu. Natakiwa kuchagua, ualimu wa msingi au wa sekondari. Mama anasema sekondari. Wewe unasemaje?"

Naomba mnielewe. Mimi ni bibi wa mtu aliyefika kidato cha sita, na habari hiyo naisema hata kwa anayepita njiani kuuza chumvi. Kuulizwa swali kama lile na mjukuu kama yule ilikuwa siku yangu ya kujidai. Lakini ulimi ulikataa. Nilimwambia akanawe tena, bado ananuka. Akacheka, akaenda. Mimi nikabaki na ile harufu, na mtu niliyekuwa simtaji.

Tulivuka kutoka Burundi mimi nikiwa katika umri wa kung'oka meno ya mbele. Baba hakuvuka. Waliomchukua walimkuta na kalamu mfukoni, na mwaka ule kalamu mfukoni ilitosha kumuua mtu. Tulivuka mama, mimi, na kaka yangu Melkiori. Melkiori alikuwa amesomea kufundisha sekondari, hesabu na sayansi, kwa Kifaransa. Alivuka amevaa matambara ya mchunga ng'ombe, na cheti chake amekikunja ndani ya kibuyu, juu yake maharage. Kila askari aliyefungua kibuyu kile aliona maharage.

Tukawekwa kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Bugarama, Ngara. Wenyeji, Wahangaza, lugha yao na yetu zinasikilizana kama majirani wanaogombana kupitia uzio, kwa hiyo kusemeshana hakukuwa tabu. Tabu ilikuwa Kiswahili. Shule ni Kiswahili, ofisi ni Kiswahili, hata unga ulipogawiwa uliitwa kwa Kiswahili. Na watoto tulikuwa karibu mia, tunazurura kati ya vibanda kama kuku wasio na mwenyewe.

Melkiori akakata miti, akaomba turubai kuukuu, akasimamisha darasa. Ubao ulikuwa mbao tatu zilizopigiliwa pamoja. Kila Ijumaa sisi watoto tulitumwa kuchuma matembele, wengine kuokota betri za redio, tukazipasua kwa mawe, tukaponda, tukasugua ubao mpaka ukang'aa kama mgongo wa nyoka. Jumatatu tulifika mikono bado myeusi.

Kiswahili chenyewe Melkiori hakukijua. Jioni alikwenda kwa mzee mmoja Mhangaza aliyewahi kuwa karani, akajifunza maneno kumi, asubuhi akatufundisha yale yale kumi kwa sauti ya mtu aliyezaliwa nayo. Siku ukimuuliza neno la kumi na moja, alikuambia hilo ni la kesho.

Siku aliyotufundisha shikamoo na marahaba tulilewa nayo. Tulisalimia kila kitu kilichotutangulia kuzaliwa. Rafiki yangu Konsesa, aliyekuwa na pengo mahali pale pale penye pengo langu, alibuni mchezo wa mbuzi. Mimi nampa mbuzi wa jirani shikamoo, na kwa kuwa mbuzi ni mkubwa ila hawezi kusema, Konsesa anajificha nyuma yake na kumwitikia: "Marahabaa, mwanangu, hujambo?" Kwa ile sauti nzito ya kubana pua. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mwenye mbuzi akatufukuza, akisema tunamharibia mnyama.

Kwetu, mkubwa akikuita jina, unaitika "karame", yaani uishi miaka mingi. Unamtakia uhai yeye aliyekuita. Melkiori alitaka kwenye mahudhurio tuseme "nipo", kama watoto wa shule za kweli. Tulishindwa. Mtu mzima anaita jina lako, mdomo unasema karame wenyewe. Mwisho akaacha. Kwa hiyo kila asubuhi kaka yangu aliinamia daftari lake, akaita majina karibu mia, na karibu mara mia akatakiwa maisha marefu.

Kuitika kulikuwa na faida yake. Wazungu wa misaada walileta unga wa uji wa watoto wa shule, na uji haukutosha kunywewa na kila aliyepita. Basi ulipoitwa na kuitika, ulikwenda kwenye kikapu kando ya mlango ukachukua kijiti. Kijiti kimoja, kikombe kimoja. Asiyeitika hana kijiti.

Mama hakuupenda ualimu ule hata kidogo. Alisema mbele ya watu, bila kupunguza sauti, "Mimi sikumvusha mto mwanangu ili akafute makamasi ya watoto wa wenzake." Alipata nguvu zaidi ilipokuja barua. Shule moja ya sekondari ya misheni, mbali, huku upande wa Biharamulo, ilikuwa inatafuta mwalimu wa hesabu, na padri wake alikuwa amesikia habari za cheti cha kwenye kibuyu. Kulikuwa na nyumba ya bati. Kulikuwa na mshahara.

"Hesabu haina Kiswahili," mama akamwambia. "Utapata wanafunzi wenye akili zao, wanaovaa viatu."

"Na hawa?"

"Hawa wana mama zao."

"Mama, hakuna mtoto anayeanzia sekondari. Nikiondoka, hawa wanaanzia wapi?"

"Wataanzia pale utakapowaacha. Baba yako alikuwa na huruma kama hiyo. Iko wapi?"

Melkiori alinitazama mimi. Alikuwa ameniahidi, mbele ya mama, kwamba atanifundisha mwenyewe mpaka darasa la saba, na ahadi ile niliishika kama watoto wa sasa wanavyoshika simu. Ijumaa moja akapanda lori hadi Lusahunga, kwenye njia panda, kuonana na padri. Alikwenda ili akatae kwa adabu, uso kwa uso, kama mtu aliyelelewa. Padri akamkatalia kukataa. Akampa wiki moja: Ijumaa inayofuata lori litapita makazini asubuhi, akitaka, apande.

Ndani ya siku zile alizokuwa njiani, surua ilimchukua Konsesa.

Surua ilikuwa imeingia mwezi ule, na watu walikuwa wameshachoka kulia. Walimbeba Jumapili mchana kwenye mkeka, wanaume wawili tu, maana hakuwa mzito. Mama yake alitembea nyuma, amebeba jembe. Mimi niliwaona nikiwa nimekaa juu ya mzizi, nakula muhogo mbichi. Sikusimama.

Melkiori akarudi jioni, akala, akalala. Hakuna aliyemwambia. Vifo vilikuwa vingi mno kuwa habari. Jumatatu akainamia daftari, akaita. Alipofika kwa Konsesa kukawa kimya, na kabla kimya hakijakomaa, mdomo wangu ulifunguka nyuma ya nguzo.

"Karame."

Kwa sauti nyembamba, ya pengo, ile yake. Melkiori akatia alama, akaendelea. Nikachukua vijiti viwili.

Nimesikia watu wakisimulia makosa yao ya utotoni na kuyatia sukari. Mimi sitasema nilimpelekea uji mama, au mgonjwa fulani. Niliunywa. Nilikuwa na njaa, nikanywa kikombe changu, nikanywa cha Konsesa, nikalamba na ukingo wa kikombe. Jumanne vile vile. Jumatano vile vile. Wenzangu wa pembeni walijua, lakini nani angesema? Kila mmoja alikuwa anajilaumu kwa nini hakuwahi yeye.

Alhamisi mama yake Konsesa alipita na mzigo wa kuni kwenye njia iliyokuwa nyuma ya turubai letu. Ndani, kaka yangu anaita. "Konsesa." Nami nikaitika.

Tulisikia kuni zikianguka. Kisha mama yule akawa mlangoni. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa umefunguka, na ndiyo maana naukumbuka hadi leo. Ulikuwa uso wa mtu aliyepewa kitu.

"Yuko wapi?"

Melkiori akasimama. "Shikamoo, mama. Unamtafuta nani?"

"Mwanangu. Nimemsikia."

"Konsesa? Yumo humu, mama. Ameitika sasa hivi." Na kaka yangu akatabasamu, akaonyesha daftari, penye alama nne za wiki ile zilizopangana vizuri.

Yule mama akaingia kati ya mistari. Alikwenda taratibu, anashika kidevu cha kila mtoto wa kike, anakiinua, anatazama, anakiachia. Mstari wa kwanza. Wa pili. Melkiori alikuwa bado anatabasamu, lakini lile tabasamu lilikuwa limebaki peke yake usoni, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Yule mama alipofika nyuma ya nguzo akashika kidevu changu. Alinitazama. Kisha akatazama mkono wangu. Kijiti changu nilikuwa nimeshakichukua jina langu lilipoitwa, na cha pili pamoja nacho, kwa wepesi wa tumbo langu.

Nilingoja kofi. Alichukua kijiti kimoja kutoka kwenye vidole vyangu, polepole, kama unavyomtoa mtoto mwiba. Akakifunga kwenye pindo la kitenge chake, mafundo mawili.

"Hiki ni cha mwanangu," akasema. Akatoka. Kuni zake zilibaki pale njiani hadi jioni, na katika makazi yale, ambako watu waliibiana hata majivu, hakuna aliyezigusa.

Melkiori alifunga daftari. Hakunipiga, hakuniuliza kitu. Alituambia sote twende tukanywe uji, wenye vijiti na wasio navyo, na yeye akabaki amekaa mbele ya ubao mweusi uliokuwa haujaandikwa kitu.

Kesho yake asubuhi lori lilipopiga honi alikuwa ameshafunga kibuyu chake. Mama alifurahi sana, akaimba. Mimi nilimshika shati.

"Kaka, ulisema mpaka la saba."

"Nilisema."

Ni hayo tu. Akapanda.

Darasa halikuishi wiki. Turubai lilikatwa vipande, watu wakaezekea. Mbao za ubao zilikwenda kuwa jeneza la mtoto wa nani sijui. Tulikuwa tumefika kwenye herufi "ng". Kila nilichojifunza baada ya hapo nilikipata ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, mtoto mgongoni, nafuata mstari kwa kidole. Melkiori alitutumia nauli baadaye, tukahamia huku Biharamulo, akatununulia shamba hili ninapoandikia haya. Aliwalipia watoto wangu ada. Nilimshukuru kwa mikono miwili, na moyoni nilimwita mwalimu wa viatu. Miaka yote. Alipokuja kututembelea na suruali iliyonyooka, nilisema kimoyomoyo: haya, umepata bati lako, sisi tukapata "ng".

Alifariki miaka michache iliyopita. Msibani alisimama mwanamume mwenye mvi, mwanafunzi wake wa zamani, akasimulia ili kutuchekesha kidogo, kama inavyofanywa. Akasema Mwalimu Melkiori alijua jina la kila mtu na la baba yake, lakini katika miaka yote ile hakuwahi hata siku moja kuita mahudhurio. Alimpa monita daftari, na yeye mwenyewe akatoka nje, akasimama kuelekea uwanjani mpaka yaishe. "Tulidhani ni maringo," akasema yule bwana. Watu wakacheka. Wakasema kweli, alikuwa na maringo yule.

Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye mkeka na shuka langu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikanusa matembele na betri. Kumbe hakwenda kufuata viatu. Hakumkimbia mama, wala makamasi. Yeye ndiye aliyemwambia mama wa maiti kwamba mwanao yumo humu, ameitika, na aliyemtia neno hilo mdomoni ni mimi, kwa kikombe cha uji. Nilimlaumu kwa kuondoka, na lori lile nililiita mimi.

Jana Devota aliniuliza tena. Nilimweleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi, na sikupunguza uji hata tone. Akasema kwamba darasani kwake kuna mtoto, Yusta, hajaitika tangu Jumatano. Wenzake wanasema kahama.

"Umekwenda kwao?"

"Hapana, bibi."

"Basi hujafika kwenye fomu."

Leo amefunga kiatu mapema akaenda, nje ya njia yake, kilima kizima. Karatasi iko hapa mezani, bado tupu, nimeigandamiza kwa kibuyu cha Melkiori. Jua linashuka na bado sijamwona njiani. Akirudi, akisema Yusta kahama kweli, au akisema lile jingine, ajaze atakavyo. Msingi au sekondari, nitasimama nyuma yake.