Ukuta Aliotupakia Jirani

Wiki iliyopita, rafiki yangu, nilikuwa mtaa wa Najma, huku ughaibuni, nikipiga picha za nyumba inayokarabatiwa, moja katika safu ya nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Mimi ni dereva tu, lakini mwenye nyumba anakaa mbali, Umm Salal, na hapendi vumbi, kwa hiyo kila Alhamisi namtumia picha kwa simu. Sharti lake ni moja: asionekane mtu. Fundi wa plasta, Mganda, alikuwa amemaliza ukuta wa sebule, akasimama kando yake.

"Mzee, nipige na mimi. Mama anasema najua kula tu."

"Toka hapo," nikamwambia. "Picha ni ya nyumba."

"Sawa, mzee." Akaokota mwiko wake, akatoka.

Mgongo wake ulinirudisha Nakuru, kwenye nyumba za reli tulikokulia, milango kumi na miwili chini ya paa moja la mabati. Jirani akikaanga vitunguu, mate yanakutoka wewe. Kila Desemba kila mlango ulipaka ukuta wake chokaa. Mwaka huo mama alikuwa ametoka kujifungua, basi mama wa mlango wa pili akatupakia. Aliloweka chokaa kwenye pipa, akatia chumvi ili isishike nguo za watu, akapaka siku mbili kwa brashi ya katani mpaka vidole vikapasuka. Mama akijaribu kumshukuru, jirani alijibu kwamba ukuta wa katikati hauna mwenyewe.

Baba, aliyekuwa kazini mbali, alitaka picha ya nyumba ikiwa nyeupe. Mpiga picha akaja Jumamosi, akatupanga mlangoni. Mama alikuwa ndani akimvika mtoto. Jirani akaja miguu mitupu, leso imejaa madoa ya chokaa, akasimama karibu nami. Nilikuwa na miaka kumi, nimevaa viatu vipya.

"Huyu si wa kwetu," nikamwambia mpiga picha.

Jirani akacheka kidogo. "Kweli, baba. Mimi ni wa mlango wa pili." Akarudi kwake.

Mama alipotoka akauliza yuko wapi. Nikasema amekataa kupigwa picha na sisi.

Huko Najma nilimfuata yule fundi nje, nikampiga picha tatu mbele ya ukuta wake. Usinisifu kwa hilo.

Nyumba zile za reli zilibomolewa zamani, na jirani sijui alizikwa wapi. Tangu Jumamosi ile mama hakuomba tena makaa mlango wa pili, naye jirani hakuuliza kwa nini. Walisalimiana tu, miaka yote iliyobaki, huku wakisikilizana wakikohoa ukutani. Mama alipougua ugonjwa wa mwisho alimtaja, akasema yule mama alikuwa na maringo. Nilikuwa nimeketi kando ya kitanda, mtu mzima mwenye watoto wangu, nikamrekebishia blanketi.