Babu Mikuki na Daraja

Askari vijana walimwita kanali wao Babu Mikuki, maana hakuchoka kusoma vitabu vya vita vya kale, akilamba kidole kila akifungua ukurasa. Mshika redio alishamzoea: kabla ya amri yoyote, mzee alifuta miwani kwa pindo la shati, taratibu, mpaka watu waudhike.

Siku hiyo droni zilionyesha daraja tupu. "Tuvuke, mzee, njia nyeupe!" kapteni akahimiza. Miwani ikafutwa. "Wa kale hawakuwa na droni, ila walimjua binadamu. Nani akimbie amwachie adui wake daraja zima? Tungoje." Wakangoja, wakinung'unika. Mwishowe adui akachoka kuwasubiri, akalilipua daraja alilolitegea mabomu, bila mtu juu yake. Mshika redio akacheka hadi machozi. Kanali akaomba chai, lakini akaimwaga kabla haijafika mdomoni. Kapteni, aliyembandika jina lile, akamshikia kikombe.