Bidoni Zilizopitishwa na Kamera

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa aproni, Mama Nyiramahirwe huinua bidoni ya kwanza dirishani na kufumba jicho moja akitafuta ufa. Ni mwaka wa kumi na moja anakagua bidoni, madumu ya plastiki ya kuchotea maji, katika kiwanda kimoja huku mtaani Katoyi. Mwaka jana waliletewa kamera yenye kompyuta, na ni yeye aliyeifundisha: picha elfu nne, moja moja, akisema hii nzima, hii ina ufa.

Wiki iliyopita wateja walirudisha bidoni thelathini zinazovuja chini ya mkono wa kushikia. Yeye alikuwa amezitenga. Kamera ilizipitisha, na chefu Védaste, msimamizi wake, akaisadiki kamera. Sasa chefu huyohuyo amemletea barua ya kukiri uzembe. Asiposaini, Jumatatu asirudi kazini. Kamera haijaandikiwa barua yoyote.

“Mama, mashine haichoki,” alimwambia mbele ya wenzake. “Macho yako ndiyo yamezeeka.”

“Papa, ni macho haya yaliyoifundisha.”

Mimi jirani yake nilimuuliza kama atasaini.

“Hapana,” alisema. “Zile bidoni mimi nilizikataa.”